Sitaki Kukuita Yaya

Kama kuna mtu katika mtaa mzima wa Mikelenge, mjini Kindu, aliyewahi kufurahia kuchomwa sindano, basi ni Bulaimu fundi cherehani. Siku muuguzi Emerance aliporudi kutoka hospitali na majibu ya vipimo, Bulaimu aliruka kutoka kwenye kiti chake, abakosti ya mteja wake komiseri wa serikali, koti lile lisilovaliwa tai, ikiwa bado imebanwa chini ya sindano ya cherehani, akajishika kichwa kwa mikono miwili na kucheka peke yake. Damu yake ilifaa kupewa mkewe mgonjwa. Ya shemeji yake Hawa haikufaa, za majirani waliojitolea hazikufaa, na ya Bakari, mtoto wa Hawa, ilifaa sana, lakini Bakari mwenyewe alikuwa machimboni upande wa Pangi, na barabara ya Pangi wakati wa mvua kila mtu anaijua.

Emerance alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, Mkatoliki wa kutoka Kibombo. Serikali ilikuwa imewapokonya Wakristo majina yao ya ubatizo, na kwenye karatasi zake sasa alikuwa na jina refu ambalo hata yeye mwenyewe alilitamka kwa kusitasita. Mitaani alibaki Mama Emerance, na sauti yake ilibaki ileile, ya kumwamsha mgonjwa wa nyumba ya tatu.

"Baba Sharifa!" alimtangazia Bulaimu. "Weye na bibi yako muko na damu moja! Moja kabisa!"

"Damu moja!" Hawa alidakia kutoka jikoni, akapiga kigelegele. "Alhamdulillahi! Sasa munakuwa kama muntu na yaya yake!"

Yaya, kwa watu wa Kindu, ni kaka au dada mkubwa, na bibi na bwana ni mke na mume. Hawa hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa mtu wa kusema leo na kufikiri kesho, na siku hiyo furaha ilikuwa imemzidi. Hakuna aliyekumbuka kutazama pazia la chumbani, ambako Mwanahamisi, mdogo wake Hawa na mke wa Bulaimu, alikuwa amelala akisikia kila neno.

Mwanahamisi alikuwa na kansa ya kizazi, na ilikuwa imeshafika mbali. Daktari hakuwaficha. Aliwaambia hakuna cha kukata wala cha kutibu, akampa vidonge vya maumivu na kumruhusu kurudi nyumbani, kwa sababu Mwanahamisi alikuwa amesema wazi kwamba hafi kwenye kitanda cha chuma. Kilichomtesa zaidi hakikuwa maumivu. Alikuwa akivuja damu, leo kidogo, kesho nyingi, hata viganja vyake vikapauka, na kugeuka tu kitandani kukamfanya aheme juu juu kama aliyepanda kilima na mzigo kichwani.

Ndipo daktari akakubali Emerance amwekee damu palepale nyumbani. Chupa ya kwanza ilitoka kwa Bakari kabla hajaondoka, na ilifanya kazi ambayo Bulaimu hakuitarajia. Mwanahamisi aliketi. Alikula wali. Aliomba kioo, akajitazama, akaomba wanja. Alimgombeza Hawa kwa kuacha sufuria bila kifuniko, na Bulaimu alisimama mlangoni akisikiliza ugomvi ule kwa raha kama mtu anayesikiliza taarabu. Wote walijua chupa haiponyi. Ilimpa pumzi, na pumzi ndiyo aliyokuwa ameikosa. Baadaye damu ikavuja tena, Mwanahamisi akarudi kulala, na Bakari alikuwa hayupo.

Kwa hiyo unaweza kuielewa furaha ya Bulaimu. Usiku ule, kwenye mkeka wake kando ya cherehani, alikokuwa akilala tangu mkewe alipozidiwa, hakupata usingizi vizuri. Alikuwa akijipapasa mkono kutafuta mshipa ulio mzuri.

Asubuhi Emerance alikuja na kikapu chake: chupa tupu yenye dawa ya kuzuia damu isigande, mpira, sindano, pamba. Mwanahamisi alimtazama tangu alipoingia mpaka alipokunja mikono ya nguo.

"Rudisha vitu vyako, Mama Emerance," alisema taratibu, akipumzika katikati ya maneno. "Damu ya huyu sitaki."

Emerance alidhani hakusikia vizuri. Bulaimu alisikia vizuri sana.

"Sababu gani?" aliuliza.

"Nimesema sitaki."

"Ya Bakari ulipokea."

"Ya Bakari nilipokea. Ya kwako sitaki." Akageukia ukutani, na kule kugeuka tu kukamfanya ahangaike kutafuta pumzi mpaka Hawa akaja kumwinua kwenye mito.

Emerance alifungasha vitu vyake akiahidi kurudi. Bulaimu alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa abakosti nje ndani, akaufumua, akaushona tena vilevile. Aliumia, kwa nini nifiche? Mtu umeishi naye tangu ujana, mmezaa Sharifa mkamwoza huko Kampene, mmezika wawili wengine wakiwa wachanga, halafu unamnyooshea mkono wenye damu na yeye anaona ni uchafu. Alijiuliza ni kosa gani alilomfanyia. Akayapata mengi, maana mwanamume akiamua kujitafutia makosa hayakosi, lakini hakuna hata moja lililolingana na adhabu ile.

Siku ile ya Ijumaa ikapita hivyo. Alimtuma Hawa akamsihi, Hawa akarudi na machozi. Akamwuliza mwenyewe kwa upole, akageuziwa mgongo. Na kule chumbani pumzi ilikuwa ikisikika hadi barazani, fupi fupi, mpaka jioni Bulaimu akashindwa. Alifungua pazia kwa nguvu.

"Kama unataka kufa uniache, sema!" alipiga kelele. Kumpigia kelele mgonjwa! Alijichukia hata kabla sauti haijaisha.

Mwanahamisi alimtazama. Macho yake yalikuwa makubwa kwenye uso ule uliopauka.

"Kufa nitakufa," alisema. "Lakini nitakufa bibi ya muntu. Sitaki kukuita yaya."

Bulaimu alikaa chini, sakafuni, kando ya kitanda.

"Yaya? Nani amesema uniite yaya?"

"Si tuko na damu moja? Si Emerance alisema, na Hawa akapiga vigelegele?" Akapumzika. "Unamukumbuka Halima?"

Bulaimu alimkumbuka. Kila Mwislamu wa rika lao alimkumbuka Halima. Aliolewa mtaa wa pili, ndoa nzuri, mpaka siku ajuza mmoja alipokuja kutoka Kasongo kuhudhuria arusi nyingine, akamtambua Halima, akamtambua na mume wake, akasema hawa wote wawili niliwanyonyesha mimi walipokuwa wachanga. Aliyenyonya ziwa moja na wewe ni ndugu yako, na ndugu haoi ndugu. Ndoa ikavunjwa hata bila talaka, maana ilionekana haikuwahi kuwa ndoa. Halima akarudi kwa baba yake na mimba tumboni.

"Miye nilikuwa njiani naye kwenda kuchota maji," Mwanahamisi alisema. "Tukakutana na bwana yake. Halima akamwambia, 'Shikamoo, yaya.' Mbele ya watu. Niliona midomo yake ikitetemeka, Baba Sharifa. Mupaka leo naiona. Maziwa tu yalifanya vile. Sasa damu?"

Jamani. Ndilo lililokuwa ndani ya moyo wake tangu jana yake, na mumewe alikuwa nje akihesabu makosa yake mwenyewe. Bulaimu alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa hakujua aanze na lipi, alijisafisha koo na kuanza kueleza kama fundi.

"Sikiliza. Miye napima shingo za watu. Shingo ya komiseri na shingo ya mulinzi wa gare ya treni zote ni namba moja. Wale ni ndugu?"

"Hapana."

"Njo vile, vilevile, na damu. Iko na namba zake. Emerance alitaka kusema namba yetu ni moja. Nusu ya soko iko na namba ile."

Mwanahamisi alifikiri. Ugonjwa ulikuwa umemla kila kitu isipokuwa akili.

"Sawa," alisema. "Basi hatukuzaliwa ndugu. Lakini Halima hakufanywa ndugu na namba. Alifanywa na kile kilichoingia ndani yake. Hii yako ikiingia ndani yangu?"

 Kuoa mke mwenye akili kuna raha yake, ila si siku ya kubishana naye.

"Na tena," Mwanahamisi aliongeza, akiwa amefumba macho, "weye mwenyewe ulishahama kitanda."

Kabla Bulaimu hajajibu, mkewe alikuwa amesinzia kwa uchovu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, ambapo kila mwananchi alitakiwa barabarani na jembe au panga kwa kazi ya taifa, apende asipende. Bulaimu alimkuta Mwalimu Zuberi wa msikitini amevaa kaptula kuukuu, matope hadi magotini, akifyeka majani ya mtaro pamoja na mtaa wake. Bulaimu alikuja mikono mitupu, na mkubwa wa mtaa, mtu wa chama mwenye filimbi shingoni, akampigia filimbi palepale.

"Citoyen! Raia! Jembe yako iko wapi?"

Akapewa jembe la mtu mwingine. Kwa hiyo suala lile zito la dini aliliuliza akiwa ameinama mtaroni, akilima, kwa kunong'ona.

Mwalimu Zuberi alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kufyeka. Kisha akauliza, "Mama Sharifa iko na myaka ngapi?"

"Ameshapita makumi tano, Mwalimu."

"Ameota meno?"

Bulaimu alimshangaa. "Yameanza kung'oka, Mwalimu!"

Mwalimu akaangua kicheko kikubwa hata yule wa filimbi akageuka kwa ukali, akidhani chama kinachekwa. Mwalimu akainama haraka na kufyeka kwa bidii ya uongo, mabega yakimtikisika.

"Ziwa linalofanya ndugu," alisema alipopata sauti, "ni la mutoto muchanga, mwenye hajatimiza myaka mbili. Wakati ule maziwa njo chakula chake, njo inamujenga mifupa. Muntu mukubwa akinywa ndoo nzima anashiba tu, hafanyiki ndugu ya muntu."

"Na damu?"

Hapo Mwalimu aliacha kufyeka kweli. "Damu, Bulaimu, nimetafuta kichwani tangu ulipoanza kusema. Sioni mahali inafanya undugu. Hii si chakula, ni dawa. Dawa haivunje ndoa."

Bulaimu aliegemea jembe. Akavuta pumzi ndefu mpaka akaona aibu, akimkumbuka asiyeweza kuivuta.

"Atakuamini ukimwambia?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana. Atasema nimetunga."

"Basi tumalize huu mutaro."

Watu wa mtaa ule wanasema hawajawahi kumwona fundi cherehani akilima vile. Filimbi ya mwisho ilipolia, Mwalimu alifuatana naye vilevile alivyokuwa, na kaptula yake na matope yake, akapitia nyumbani kwake kuchukua kanzu tu ya kuvaa juu. Aliketi barazani, upande wa nje wa pazia, akatoa salamu.

Mwanahamisi aliitikia kwa sauti ndogo, akamwacha aseme yote, la ziwa na la dawa. 

"Mwalimu," alisema, "na wale wanaochanjiana? Wanakatana ngozi, kila mumoja analamba damu ya mwenzake, wanakuwa ndugu mupaka kufa. Hapa hapa Maniema. Baba yangu alichanjiana na muntu wa Kibombo."

Hawa, aliyesimama mlangoni, alijishika mdomo. Bulaimu alimtazama Mwalimu kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Hilo hawakuliongelea mtaroni.

Mwalimu Zuberi alijikuna matope ya goti chini ya kanzu. "Kuchanjiana ni agano," alisema hatimaye. "Watu wawili wanakaa, wananuia, wanaapa, kila mumoja anatoa na kila mumoja anapokea. Weye utamupa Bulaimu damu gani, mama, na yako imeisha? Na nani hapa amenuia undugu? Bulaimu, umenuia?"

"Hata kidogo!" Bulaimu alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Unaona. Na hata wale waliochanjiana, ni desturi yao. Sheria yetu haiwahesabu ndugu."

 Pumzi fupi za mgonjwa zilisikika nyuma ya pazia.

"Siku ya kiyama," Mwanahamisi aliuliza, "wataniita bibi ya nani?"

Mwalimu hakujibu upesi, na Bulaimu alimshukuru kwa hilo maisha yake yote. Ingekuwa rahisi kulichukulia kwa mzaha. Kisha akasema, kwa upole, "Ya fundi Bulaimu. Labda uombe mwengine."

Nyuma ya pazia kulisikika sauti waliyoichukua kwanza kuwa ni kikohozi, Hawa akakimbia ndani. Alimkuta mdogo wake anacheka. Alikuwa akicheka bila pumzi, machozi yakimtoka, akipunga mkono ili mtu yeyote amsaidie kusema.

"Muite Emerance," alisema.

Emerance alipofika na kuelezwa kisa chote, alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akajipiga mdomo. "Njo huu! Njo huu mudomo wangu!" Akaapa hatasema tena damu moja katika maisha yake. Sasa atasema watu wa kundi moja.

"Kundi tena?" Hawa aliuliza kwa wasiwasi. "Kundi ya nani?"

"Acha, Hawa," mdogo wake alisema kitandani.

Wakamketisha Bulaimu chumbani, kwenye kiti chake cha cherehani. Aligeuza uso sindano ilipoingia, maana furaha ile yote haikumfanya kuwa shujaa, akaukazia macho uso wa mkewe. Mkewe naye alimtazama bila kupepesa, mpaka chupa ikajaa damu nyekundu iliyoiva. Emerance aliondoa abakosti ya komiseri kwenye msumari wa ukutani, akaitupia kitini, akaitundika chupa mahali pake. Alipima, akachungulia, akasubiri matone ya kwanza yapite, mkono wake ukiwa kwenye mshipa wa mgonjwa, akimwangalia kama atatetemeka au kuwashwa. Mwanahamisi hakutetemeka.

"Inapita," Emerance alisema.

Ilipita polepole, mchana ukisogea. Mvua ilianza kwenye mabati, ikakaza, ikapungua. Bulaimu alikuwa akisikiliza kitu kimoja tu. Ile pumzi fupi fupi iliyokuwa imejaa nyumba nzima ilianza kurefuka, na baadaye, alipotega sikio, hakuisikia. Alishtuka akasimama. Mwanahamisi alikuwa macho, mdomo umefungwa, akipumua kwa pua kama watu wengine. Midomo yake ilikuwa imerudi kuwa na rangi.

"Yaya Hawa," aliita, na safari hii neno lilikwenda kwa mwenyewe. "Sombe yako inaungua. Naisikia harufu kutoka hapa."

Hawa alikimbilia jikoni akilia na kumshukuru Mungu kwa ajili ya kisamvu kilichoungua. Na Bulaimu, aliyekuwa amesimama upesi mno, aliona chumba kinazunguka, akashika ukuta.

"Weye nenda kulala," Emerance alimwamuru, akikunja mpira wake. "Umetoa chupa nzima, na hauko kijana."

Mwanahamisi hakupona, nisikudanganye. Bakari alirudi kutoka Pangi akatoa tena yake, Sharifa aliwahi kufika kutoka Kampene akamkuta mama yake ameketi na wanja machoni, na kiangazi kilipoingia walimzika, fundi Bulaimu akimlilia kama mume anavyomlilia mkewe, na mtaa mzima ukimpa pole ya kufiwa na mke. Lakini hayo ni ya baadaye. Alasiri ile mvua ilikuwa bado inadondoka, na Bulaimu alikuwa akielekea kwenye mkeka wake huku akipapasa ukuta.

"Wapi unaenda?" Mwanahamisi alimwuliza.

"Kulala. Kwa mukeka."

"Mukeka ni ya mayaya."

Bulaimu alisimama. Akalikumbuka lile neno la jana, ambalo lilikuwa limemchoma na hakupata nafasi ya kulijibu. "Mama Sharifa, kitanda kinatikisika. Kila nikigeuka usiku ulikuwa unalia. Nilihama ili usiumie."

"Njo sababu?"

"Njo sababu tu."

Mwanahamisi alimtazama. "Miye nilifikiri unajizoeza kulala peke yako," alisema. Kisha, mwenyewe, bila kushikwa na mtu, akasogea ukutani na kuacha nafasi ya mtu mmoja.

Bulaimu alilala pembeni kabisa, mgongo juu ya ubao wa kitanda, akiwa amekaza mwili mzima na kuzuia hata kupumua ili asitikise kitu. Miaka yote mkewe alikuwa akimwita Baba Sharifa, mbele za watu na wakiwa peke yao.

"Pumua, bwana yangu," Mwanahamisi alisema. "Nafasi iko."